Maiki Yangu Mbele ya Upepo wa Ziwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilinasa feni. Nilikuwa nimetumwa kwenye shule moja ya Nyalenda kurekodi hotuba ya mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu. Nilivaa sketi yangu ya kanisani, nikasimama nyuma ya ukumbi na kamera, na kwa saa nzima nikaamini kwamba nafanya kazi. Picha ilitoka safi. Mwalimu alionekana mpaka matone ya jasho kwenye kipaji cha uso. Niliporudi studioni mhariri akaunganisha kamera na spika, tukakaa kusikiliza. Vuuu, vuuu, vuuu. Feni ya darini. Kwa mbali sana, kama mtu aliyefungiwa ndani ya tangi la maji, mwalimu alikuwa akiwaaga wanafunzi wake.

Mhariri huyo alikuwa Madam Nekesa, mwanamke wa Bungoma aliyehamia Kisumu kikazi na asiyewahi kuinua sauti yake. Alizima spika, akanigeukia.

"Awuor, mimi nilikutuma uniletee mwalimu. Umeniletea feni."

Nilicheka, kisha nikalia. Kulia kwenyewe hakukusaidia kitu, maana mwalimu alishafungasha vyombo na kurudi kwao Ugenya, na hotuba ile haikurudiwa tena. Watoto wake waliipata video wakaitazama kama watu wanaotazama samaki ndani ya bwawa: mdomo unafunguka, mdomo unafungwa.

Nyinyi vijana mnaopiga video kwa simu, mnaoniandikia mkiuliza kwa nini video zenu zinapendeza lakini hazisikiki, jibu langu lilianzia siku ile. Kamera ina jicho zuri na sikio baya. Jicho lake unaweza kulivuta, ukasimama mlangoni na uso wa mtu ukajaa kwenye kioo. Sikio halivutwi. Maiki iliyo ndani ya kamera husikia kilicho karibu nayo: vidole vyako, pumzi yako, feni iliyo juu ya kichwa chako. Kama unataka sauti ya mtu, sikio lazima litembee lenyewe mpaka lifike karibu na mdomo wake. Madam Nekesa alinifundisha kwa shubiri. "Maiki ya kola, shubiri moja chini ya kidevu," alisema, akinyoosha kidole gumba na kidole cha mwisho kwenye kifua changu. "Ukiweka shubiri mbili, umeshaanza kuniletea feni."

Studio ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye barabara ya kwenda Kondele. Mwenye studio alikuwa Bwana Ogutu, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, na ndiye aliyepiga picha zote kubwa. Alikuwa hodari, hilo silikatai. Aliweza kuona jua linavyopita kwenye mgongo wa sangara akasimamisha gari katikati ya barabara. Lakini masikio yake aliyaacha nyumbani. Alipenda kusema: "Watu wananunua macho, Awuor. Sauti tutaweka muziki juu."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwanasauti. Hakuna aliyeitaka ile kazi, nami nilikuwa na deni la hotuba moja moyoni.

Nilijifunza kwa makosa, na kila kosa lilikuwa na jina. Kuna kosa la friji. Tulikuwa hotelini ufuoni tukimhoji mwenye hoteli, na friji yake ya samaki ilikuwa inanguruma. Niliomba tuizime. Tukazima, tukarekodi vizuri, tukafungasha, tukaenda. Kesho yake mama yule mwenye hoteli alipiga simu, samaki wameoza kwa sababu hatukuiwasha tena, na hakuhitaji maiki yoyote kusikika. Tangu siku ile, kila nilipozima friji ya mtu niliweka funguo za nyumba yangu ndani yake. Huwezi kurudi nyumbani Mamboleo ukalala bila funguo.

Kuna kosa la kitenge. Afisa Mawasiliano wa shirika moja alivaa kitenge kipya, bado kina wanga, na kila alipopumua nguo ilikwaruza maiki, khrrr, khrrr, kama panya kwenye gunia. Hapo nilijifunza kubandika kipande cha plasta ya hospitali mbele na nyuma ya maiki ili isiguse nguo. Na kuna kosa la kiwango, ambalo ndilo baya kuliko yote. Kwenye kinasa sauti kuna mstari unaopanda na kushuka mtu anapoongea. Ukikaa kwenye kijani, salama. Ukigonga nyekundu, sauti imepasuka, na sauti iliyopasuka haina fundi wa kuishona. Basi kabla ya mtu kuanza nilimwambia acheke. Watu wote hucheka kwa nguvu kuliko wanavyosema. Nikishapima kicheko chake, najua hatanipasulia.

Lakini adui mkubwa kuliko wote katika pwani hii ya ziwa ni upepo. Mchana ukigeuka, upepo hutoka majini, na ukigonga maiki tupu unasikika kama lori linapakua kokoto. Kinga za upepo za dukani zilikuwa ghali, na Mkurugenzi alishasema muziki utawekwa juu. Nikaenda soko la mitumba pale Kibuye, nikapata koti la mtoto la manyoya marefu ya kijivu. Nikalikata, nikashona kama soksi, nikaivalisha ile maiki yangu ndefu, ambayo husikia inakoelekezwa na kuziba masikio kwa yaliyo pembeni. Upepo hupotelea ndani ya manyoya, na maneno yanapita. Niliposimama nayo ufuoni Dunga mara ya kwanza, mama mmoja alinitazama kwa huruma.

"Yawa, kwani huyo paka alikufa lini?"

Mama huyo aliitwa Dorina, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wauza samaki pale Dunga. Kikundi kilikuwa kimetafuta wanunuzi wa mbali wa omena, wale dagaa wetu wa ziwa, na wanunuzi walitaka kuona jinsi omena inavyoanikwa na kufungwa. Ndiyo sababu tulikuwa pale. Mama Dorina alikuwa na sauti ya kupendeza kurekodi, nene, isiyokimbia. Alieleza habari za nyavu za kuanikia, za mchanga unaoharibu bei, na nilipompima kicheko chake mstari uliruka mpaka nikashtuka.

Tukamaliza karibu saa tisa alasiri. Mkurugenzi alikuwa anakunja miguu ya kamera. Nikasema, "Bado dakika moja. Sauti ya mahali."

Niwaeleze. Kila mahali pana kimya chake. Kimya cha kanisa si kimya cha jikoni. Mhariri anapokata maneno na kuyaunga, panabaki mashimo, na shimo lisilo na sauti yoyote humshtua msikilizaji kama ngazi iliyokosa kidato. Kwa hiyo mwanasauti anaomba watu wote wanyamaze dakika moja, ananasa mahali penyewe, na mhariri anaziba mashimo kwa kimya kile.

Mkurugenzi hakutaka kusikia. "Awuor, mwangaza unageuka! Nataka ile picha ya nyavu za kuanikia omena. Wewe unataka kunasa nini? Hakuna mtu anaongea!"

"Ndiyo maana nataka kunasa sasa, Mkurugenzi."

"Kimya tunapata bure."

"Cha bure hakijinasi chenyewe."

Mama Dorina ndiye aliyeniokoa. Aligeuka akapiga makofi mawili. "Akina mama! Mnyamaze kidogo, huyu dada anataka kusikiliza ziwa." Wanawake wakanyamaza wakichekea kwenye leso. Mtu akazima redio kibandani. Kijana wa boti akazima injini. Nikavaa hedifoni, nikaelekeza paka wangu majini, nikaongeza kiwango, nikafumba macho.

Maji. Korongo mmoja. Manyoya yakizuia upepo. Halafu, mbali sana: ko, ko, ko.

Nilidhani ni waya. Waya uliolegea hugonga hivyo. Nikaubana, nikasubiri. Ko, ko, ko. Kisha kitu kama sauti ya mtu, kirefu, kikakatika.

Nikavua hedifoni. Hakuna kitu, upepo tu. Nikavaa. Ko, ko, ko. Nikageuza maiki kushoto, ikafifia. Nikageuza kulia polepole, kuelekea kule magugu maji yalikokuwa yamesukumwa na upepo tangu asubuhi mpaka ziwa likawa kama shamba la sukuma wiki. Ikapanda. Hapo nikajua si waya, kwa sababu waya mbovu haujui kulia na kushoto.

"Mzee Okelo," nikaita. Huyu alikuwa mwenyekiti wa ufuo, mvuvi wa zamani. "Njoo usikie kitu."

Alivaa hedifoni juu ya kofia yake, ikabidi nimvue kofia. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Huyo ni mtu anapiga mtungi," alisema. "Boti gani haijarudi?"

Watu wakaanza kuongea wote pamoja. Boti hii iko, ile iko, ya fulani ilienda kuuza ufuo mwingine. Mama Dorina alisema bila wasiwasi, "Hata mume wangu Baba Otis na ndugu yake walitoka asubuhi kutoa nyavu, lakini hao huuza upande wa pili..." Akanyoosha mkono.

Nikampa hedifoni. Akazishika kwa mikono miwili kwenye masikio. Ufuo mzima sasa ulikuwa kimya, na sikuwa nimeuomba. Nilimwona anasikiliza, midomo imefungwa.

"Ni Baba Otis," alisema. "Nyasaye, Mungu wangu, ananiita mimi. Anaita jina langu."

Sijui niliingiaje kwenye boti. Mimi sijui kuogelea, na ninaogopa maji mpaka leo. Mzee Okelo alinivisha jaketi la kuokolea, nikajikuta nimekaa mbele na maiki mkononi, vijana wawili wana makasia na panga, na nyuma yangu Mkurugenzi Ogutu na viatu vyake vya ngozi, majini mpaka vifundoni. Kamera aliiacha mchangani. Sikuwahi kumwona akiacha kamera popote.

Tulienda kwa mtindo huu. Injini inanguruma kidogo, halafu inazimwa. Nasikiliza. Nageuza maiki kama mtu anayetafuta njia kwa fimbo gizani. Inapopanda zaidi, nanyoosha mkono. Twende. Tunazima tena. Mara ya tatu kijana mmoja alianza kusema kitu, na Mkurugenzi akamgeukia kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia akinifokea mimi tu.

"Nyamazeni! Mwacheni asikilize! Hakuna mtu apumue!"

Tulipoingia kwenye magugu, injini ikakabwa na mizizi. Vijana wakaanza kukata na kusukuma kwa makasia. Kutoka ndani ya boti huoni kitu, majani yako usawa wa macho, kijani pande zote. Na mgongaji alikuwa amechoka. Ko, ko. Kisha kimya. Nilipandisha kiwango mpaka mwisho, kitu ambacho mwanasauti hatakiwi kufanya, nikasikia moyo wangu mwenyewe, nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye kasia, nikamwomba Mungu ko moja tu.

Ko.

"Hapo! Hapo kulia, karibu na yale maua!"

Boti yao ilikuwa imejaa maji, imezama mpaka ukingoni, imeshikiliwa na magugu yenyewe. Baba Otis alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao, mkono mmoja umeshika shati la ndugu yake, mwingine una kipande cha mti juu ya mtungi wa plastiki wa manjano. Midomo yake ilikuwa imepauka. Tulipomvuta, hakutaka kuachilia lile shati mpaka aone ndugu yake ameingia kwanza. Wote walikuwa hai. Niliwagusa, nikawahesabu mara mbili, mmoja, wawili, kana kwamba wangeweza kupungua.

"Tumeita tangu asubuhi," Baba Otis alisema, meno yanagongana. "Hakuna mtu alisikia."

Mkurugenzi alivua koti lake akamfunika. Tulipofika, wanawake waliingia majini na nguo zao, vigelegele vikapanda mpaka nadhani kinasa sauti changu kilipasuka chote, na kwa mara ya kwanza maishani sikujali nyekundu. Mama Dorina alimpiga mumewe kofi la bega, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena.

Ndipo nikagundua kwamba kinasa sauti hakijazimwa. Kilikuwa kikirekodi tangu nilipoomba ile dakika. Kesho yake Madam Nekesa alisikiliza yote peke yake, mlango umefungwa, akatoka amefuta macho.

"Hii ikiwekwa kwenye video, Awuor, watu watalia kutoka hapa mpaka Busia."

Nilirudi Dunga kumuuliza mwenyewe. Mama Dorina alisikiliza sehemu ile ambapo mume wake anaita jina lake, mara moja tu.

"Hapana, dada," alisema. "Omena waonyeshe. Hii ni ya nyumba yangu."

Nikampa nakala kwenye kadi ndogo, na mbele ya macho yake nikafuta yetu. Video ya omena ilitoka bila hiyo, na wanunuzi walikuja vilevile.

Mwezi ule Mkurugenzi aliniita ofisini. Mezani palikuwa na kisanduku kipya: maiki mbili za kola zisizo na waya, na kinga ya upepo ya dukani. Akanisukumia bila kunitazama. "Kuanzia leo wewe ni Msimamizi wa Sauti. Ukitaka dakika moja, chukua. Ukitaka mbili, niambie mapema." Nilimshukuru. Maiki nilizichukua, ile kinga ya dukani nikaiacha kisandukuni. Paka wangu alikuwa bado mzima.

Niliendelea na kazi ile kwa miaka mingi, Homa Bay, Mbita, Usenge, mpaka milimani Maseno. Mkurugenzi alistaafu, akaja binti yake, Meneja Lilian, mwenye subira kuliko baba na kompyuta zinazojua mambo mengi. Siku hizi kompyuta inaweza kupunguza feni. Inapunguza, ndiyo, lakini na mtu anapungua kidogo. Bado nasema sogeza maiki.

Kisha masikio yakaanza kuniaga. Daktari wa masikio alinifungia kwenye chumba chake, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Akaniambia milio ya juu imeondoka upande wa kushoto. Nilikuwa nimeshajua. Nyenje wa nyumbani Mamboleo walikuwa wamehamia wote upande wa kulia. Mwanasauti asiyesikia nyenje hatasikia maiki ikianza kuharibika, na mimi sikutaka kumletea mtu yeyote feni tena uzeeni. Nikaandika barua kwa Meneja Lilian. Akaomba nifanye kazi moja ya mwisho, harusi.

Kanisa lilikuwa Mamboleo, la mabati, bila dari. Saa nane mchana mawingu yalikuwa meusi juu ya vilima vya Nandi, na wote tulijua mvua inakuja. Nilibandika maiki ndani ya kola ya bwana harusi kwa plasta yangu, shubiri moja. Bibi harusi aliitwa Achieng, mwalimu wa shule ya chekechea. Mchungaji alifungua kitabu, na mvua ikaanguka yote kwa pamoja.

Nani asiyejua mvua ya Kisumu juu ya mabati? Mchungaji alipiga kelele, hakusikika. Watu walitazamana wakacheka, wengine wakasikitika. Mama wa Achieng, kwenye kiti cha mbele, alishika kichwa. Alikuwa amesafiri kutoka Bondo na mguu uliovimba kwa kisukari kusikia binti yake akila kiapo, na sasa aliona midomo tu.

Mimi nilikuwa nyuma, hedifoni masikioni. Nilisikia kila kitu. Mvua ilikuwa mbali, kama watu wanaopepeta mchele chumba cha pili. Nilisikia kiapo cha kijana, kikiwa kimenyooka. Nilisikia cha Achieng. Kisha, akijua hakuna anayemsikia duniani, alimsogelea akanong'ona, "Naogopa."

Kijana akasema, "Hata mimi. Nishike."

Katika kanisa lile lenye watu mia na zaidi, nilikuwa mtu pekee niliyesikia, na nilikuwa nimesimama na mstari wa kijani unapanda na kushuka, na machozi yananidondokea kwenye vitufe. Miaka yote, na bado moyo ulikuwa unaruka kama msichana.

Nilimpigia Achieng kumwambia kuna maneno machache ya ziada, na kwamba naweza kuyatoa. Akacheka. "Acha tu, Mama. Wasikie."

Walinialika kutazama video, nami nikaenda nikiwa nimeshastaafu, mgeni kama wageni wengine, mikono mitupu. Sebule ilijaa. Mvua ikaanza kwenye kioo, na watu wakaguna, wakidhani imeharibika. Kisha sauti ya Achieng ikatoka kwenye spika, karibu, kama amekaa kati yetu. Hakuna aliyesogea. Kiapo chote. Halafu "Naogopa." Halafu "Hata mimi. Nishike."

Mama yake aliinua mkono, macho hayaondoki kwenye kioo.

"Rudisha," alisema.

Tukarudisha.

"Rudisha tena."